Mkate wa Nyumba Yote: Mafundisho kwa Wakatekumeni juu ya Njaa

Wakatekumeni wapenzi,

Katika masomo yenu mnajifunza kwa moyo Sala ya Bwana, nanyi mmekwisha kufika kwenye ombi la nne, pale tunapomwomba Baba yetu wa mbinguni mkate wa kila siku. Wengi wenu huyasema maneno hayo asubuhi, na jioni wanalala bila kula. Ndipo mtu aweza kuuliza moyoni mwake: «Nimeomba, na chungu changu ni kitupu. Je, Mungu hakunisikia?»

Swali hilo si dhambi. Watakatifu wa Agano la Kale walimlilia Mungu hivyo hivyo, wala hakuwakemea. Lakini swali jema lastahili jibu jema, na jibu halipatikani kwa kukunja mikono na kusema: «Ndiyo mapenzi ya Mungu.» Mungu hakuiumba njaa. Alipoumba dunia aliwapa watu mimea yenye mbegu na miti yenye matunda ili wale. Basi, yatupasa kutafuta njaa imepita wapi hata ikaingia nyumbani mwetu, maana mwenye kuijua njia ya mwizi aweza kuifunga.

I. NJAA YA NYUMBA HUJULIKANAJE?

Kuna njaa ya mkulima arudiye shambani jioni, akila, imekwisha. Kuna njaa ya mkristu anayefunga katika Kwaresima. Hiyo ni sadaka, kwa kuwa chakula kipo naye amejinyima kwa kupenda. Njaa tunayoisema leo ni nyingine. Ni ile inayoketi ndani ya nyumba kama mgeni asiyetaka kwenda zake. Mama huificha kwa aibu, baba huikimbia kwa kukawia njiani, watoto huitambua kabla ya wote.

Watu wenye elimu wanaopima njaa huuliza kila nyumba maswali matatu juu ya majuma manne yaliyopita. La kwanza: Je, ilitokea kwamba nyumbani hapakuwa na chakula cho chote, kwa kukosa njia ya kukipata? La pili: Je, mtu ye yote wa nyumba hii alilala na njaa kwa kuwa chakula hakikutosha? La tatu: Je, mtu ye yote wa nyumba hii alishinda mchana kutwa na usiku kucha bila kula kitu? Kisha huuliza: Mara ngapi?

Angalieni vizuri maneno haya: «mtu ye yote wa nyumba hii.» Hawaulizi kama bwana wa nyumba ameshiba. Hawaulizi kama kijiji kina mashamba mazuri. Wanauliza juu ya kila mmoja anayelala chini ya paa hilo, hata mzee asiye na meno, hata yatima aliyepokelewa juzi, hata mtoto asiyejua bado kusema. Nyumba moja yaweza kuwa na baba aliyeshiba na mtoto mwenye njaa, na moshi wa jiko lake ukapanda kama moshi wa jirani.

Kwa vipimo vya namna hii ilihesabiwa mwaka 2025 kwamba watu zaidi ya milioni 27 katika nchi yetu ya Kongo walikuwa katika njaa kali, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanne. Nayo ni nchi yenye mvua, mito, maziwa yenye samaki, na udongo unaozaa mara mbili kwa mwaka! Kwa hiyo tusiseme upesi kwamba mbingu zimefungwa. Tuitazame milango ya nyumba.

II. MILANGO MINNE YA NJAA

Mlango wa kwanza ni shamba. Tazameni vilima vya Kabare na Walungu, katika Kivu ya Kusini. Baba aliwagawia wanawe shamba, nao wakawagawia wana wao, hata sehemu ya mmoja ikawa ndogo kama uwanja wa nyumba. Asiye na shamba hulima kwa bwasa: hulikodi kwa muda mfupi, wala haruhusiwi kupanda migomba. Mtu wa namna hiyo atapandaje miti ya kuzuia udongo, hali hajui kama mwakani atafukuzwa? Basi, mvua huuteremsha udongo bondeni, na mavuno hupungua. Tena kuna magonjwa ya mimea. Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, ukaenea na kuharibu mashamba mengi ya Kivu. Ugonjwa mwingine hukunja majani ya mihogo na kupunguza mizizi yake.

Mlango wa pili ni soko. Wakati wa mavuno maharagwe ni mengi na bei yake ni ndogo. Lakini ndio wakati wa kulipa madeni na karo ya shule. Mtu huuza karibu yote. Baada ya miezi michache anakwenda kununua maharagwe yale yale kwa bei kubwa, naye hana fedha. Hivyo chakula kipo sokoni, na nyumba inalala na njaa. Tena mama anayechukua mzigo wake kwenda sokoni hukuta vizuizi njiani, na penye kila kizuizi watu wenye silaha hudai sehemu yao. Anayemnyang'anya mama huyo amevunja amri ya saba, nayo machozi ya watoto wake yamemfikia Mungu.

Mlango wa tatu ni chungu. Hapa chakula kimefika nyumbani, lakini hakimfikii kila mtu, au hakifai kwa kila mtu. Wenye mikono mikubwa hutia mikono kwanza. Kipande cha nyama na samaki huwekwa mbele ya mwanamume na wageni. Mtoto hupewa ugali wa mihogo na mchuzi kidogo. Mihogo hujaza tumbo, lakini peke yake haiujengi mwili. Tena mihogo michungu yataka kulowekwa siku kadha na kuanikwa vema. Njaa inapowaharakisha watu, hawaingoji. Na mtu asiyekula ila hiyo kwa muda mrefu aweza kupooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo. Tangu hapo umeonekana mahali pengi.

Mlango wa nne ni mwili wenyewe. Mtoto amekula, lakini maji aliyokunywa ni machafu. Anahara, ana minyoo, ana homa ya malaria. Chakula kinapita ndani yake kama maji katika kikapu. Mama anasema: «Mtoto wangu anakula, lakini hakui.» Hasemi uongo. Njaa imeingia kwa mlango ambao hakuufikiria.

Na vita? Vita huivunja milango yote minne kwa siku moja. Wazee wenu waliiona mwaka 1996 na mwaka 1998. Ninyi wenyewe mlisikia jinsi Goma ilivyotwaliwa na kundi la M23 Januari mwaka 2025, na Bukavu katika Februari iliyofuata. Watu wakikimbia wakati wa kupanda, hakuna mavuno. Wakirudi, mbegu zimekwisha kuliwa na mbuzi wamechukuliwa. Soko limefungwa, kituo cha afya kimeporwa. Anayeanzisha vita hawezi kusema: «Mimi niliwapiga askari tu.» Amepiga vyungu vya maskini.

III. BWAKI SI UCHAWI

Sasa tuseme juu ya jambo moja kwa unyofu, kwa maana linahusu imani yenu.

Mnamjua mtoto mwenye bwaki. Miguu yake imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zake zimekuwa nyepesi na nyekundu. Ngozi inabanduka. Hachezi, hataki kubebwa, hataki hata kula. Mara nyingi ni yule aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama amepata mimba nyingine. Baba akitazama mashavu yaliyovimba husema: «Mtoto wangu amenenepa.» Siku mtoto anapozidiwa, majirani huanza kunong'ona: «Kuna aliyemroga.» Ndipo wanakwenda kwa mwaguzi, na mwaguzi hutaja jina: mara nyingi jina la bibi mzee asiye na mtu wa kumtetea.

Wakatekumeni wapenzi, bwaki si uchawi. Ni njaa ya mtoto anayepewa chakula cha kushibisha bila chakula cha kujenga mwili, hasa pale magonjwa yanapomdhoofisha. Daktari Cicely Williams aliuona ugonjwa huo kwa watoto wa Gana, na mwaka 1935 aliuandika kwa jina walilouita akina mama wa huko, kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wa pwani ile ya mbali walikuwa wametambua jambo lile lile wanaloliona mama zetu wa Bushi. Katika Kabare, kwenye kituo cha Lwiro, waganga wa hospitali waliwachunguza na kuwatunza watoto wa bwaki miaka mingi. Na mwaka 1965 mjini Bukavu kiliundwa chama kilichojiita Comité Anti-Bwaki, yaani chama cha kupigana na bwaki. Watu wale hawakumtafuta mchawi. Walitafuta chakula cha mtoto.

Basi, anayemsingizia bibi mzee hutenda maovu matatu pamoja. Anavunja amri ya kwanza kwa kumtumaini mwaguzi badala ya Mungu. Anavunja amri ya nane kwa kumshuhudia mwenzake uongo. Na kwa uongo wa namna hiyo wazee wamefukuzwa, hata wameuawa. Tena anampotezea mtoto siku zake. Mbuzi aliyelipwa kwa mwaguzi angaliweza kuuzwa, na mtoto akafika hospitalini angali na nguvu za kumeza.

IV. KWA NINI TUNASEMA «WETU»

Bwana wetu Yezu Kristu hakutufundisha kuomba mkate wangu. Alitufundisha kuomba mkate wetu. Neno hilo moja lina mafundisho makubwa.

Kumbukeni mana jangwani. Mungu aliwapa Waisraeli chakula kila asubuhi. Aliyeokota kingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Lakini waliokificha kwa kesho, kinyume cha neno la Musa, walikikuta kimeoza na kuingia mabuu. Mungu hakuwakataza kuweka akiba, kwani Yosefu aliweka akiba katika Misri miaka saba, naye alifanya vema. Tofauti ni hii: akiba ya Yosefu iliwekwa ili wengi wapone, mana iliyofichwa iliwekwa kwa kutomwamini Mungu.

Kumbukeni pia wakristu wa Korintho. Walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini kila mmoja aliharakisha kula chakula chake mwenyewe. Mmoja alikaa na njaa, na mwingine alikuwa amelewa. Mtume Paulo aliwaonya kwa ukali, akawaambia kwamba kwa kutenda hivyo wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha maskini. Mtu anayetamani kuipokea Ekaristi, naye jioni anakunywa kasiksi kwa fedha ya maharagwe huku mkewe anachemsha majani matupu, na asikilize: maneno ya Mtume yanamhusu hata leo.

Na zaidi ya yote, mkumbukeni binti wa Yairo, mkubwa wa sinagogi. Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa amekufa. Bwana wetu akamshika mkono, akamwinua. Watu wote walishangaa mno, na wazazi kwa furaha wangaliweza kusahau kila kitu. Bwana hakusahau. Aliagiza mtoto apewe chakula. Yeye aliyeishinda mauti kwa neno lake hakufanya muujiza mwingine kwa ajili ya chakula kile. Aliiacha kazi hiyo kwa baba na mama.

Hapo lipo jibu la swali tulilolianza. Mungu husikia ombi la mkate wa kila siku, na mara nyingi hulijibu kwa mikono ya watu. Mikono hiyo ikifungwa, kwa uchoyo au kwa bunduki au kwa uvivu au kwa kutokujua, mkate unabaki njiani. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walikumbusha mwaka 1965 mafundisho ya kale ya Eklezya: anayemwacha mwenye njaa afe, hali ana uwezo wa kumlisha, amemwua. Hayo ni maneno mazito. Yanawahusu wakubwa wa mataifa, yanamhusu tajiri wa mjini, na kwa sehemu yake yanamhusu kila mmoja aketiye kando ya chungu.

Lakini mama uliyetoa chote ulichokuwa nacho, na mtoto wako akalala na njaa, usijihukumu. Hukumu hii si yako. Bwana anaijua mikono yako.

V. MAMBO YA KUTENDA

Mkulima hafungi milango minne kwa siku moja, wala peke yake hawezi kuvizuia vita. Hata hivyo, kuna mambo yaliyo katika uwezo wenu.

Nyumbani, mtoto mdogo apakuliwe kwanza, katika sahani yake mwenyewe, ili mikono mikubwa isimalize sehemu yake. Mama anyonyeshe maziwa yake peke yake hata mtoto atimize miezi sita. Kisha amwongezee chakula, na aendelee kunyonyesha hata miaka miwili. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha ale vema, maana anakula kwa ajili ya wawili. Katika uji wa mtoto changanyeni mahindi, mtama na soya, ule uitwao masoso. Sambaza wachache waliosagwa, maharagwe, karanga, yai, sombe iliyotiwa mafuta: hivyo ndivyo vinavyoujenga mwili.

Mara kwa mara mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya. Huko hupimwa mkono wake wa juu kwa utepe wenye rangi. Ukifika rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11 na nusu, mtoto yu hatarini, naye ahitaji matunzo siku ile ile. Miguu yote miwili ikivimba, msingoje utepe. Nendeni.

Bwana na bibi wa nyumba waketi pamoja kabla ya kuuza mavuno, wahesabu midomo na miezi. Kwanza waitenge mbegu, halafu chakula cha nyumba, na kinachobaki ndicho cha soko. Mwanamke aliyelima asikatazwe kusema juu ya mavuno aliyoyatoa ardhini.

Katika shirika lenu la kijiji, wekeni ghala moja la mbegu, na mwaminifu mmoja wa kuandika aliyekopa na aliyerudisha. Wakristu wa Antiokia waliposikia kwamba njaa inakuja, walichanga kila mtu kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu zao wa Yudea. Walikuwa wapya katika imani, kama mtakavyokuwa ninyi baada ya ubatizo. Nanyi jueni nani kijijini hakuwasha moto jana. Mkimjua, msimtangaze; mpelekeeni kwa siri, maana njaa ina aibu yake.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, njaa ni mapenzi ya Mungu?
Jibu: Hapana. Mungu ameumba chakula kwa ajili ya watu wote. Njaa hutokea kwa maovu, kwa misiba na kwa kutokujua.

Swali: Njaa huingia nyumbani kwa milango gani?
Jibu: Kwa shamba, kwa soko, kwa chungu na kwa mwili wenye ugonjwa, vita huivunja yote.

Swali: Mtoto akivimba miguu, afanyiwe nini?
Jibu: Apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, asipelekwe kwa mwaguzi, wala mtu asisingiziwe uchawi.

Swali: Kwa nini twaomba mkate «wetu»?
Jibu: Kwa kuwa Mungu ni Baba wa wote, na anayeomba mkate kwa wote hana budi kuugawa.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila jioni, kabla ya Sala ya Bwana, nitajiuliza: Katika nyumba hii, nani amelala na njaa? Nami nitatenda niwezalo.

SALA

Ee Mungu, Baba yetu, uliyetupa udongo, mvua na mikono, utazame nyumba zetu. Uwalinde wanaolima, uwarudishe waliokimbia, uwageuze wanaonyang'anya. Utupe akili ya kuijua njaa na upendo wa kuifukuza. Utufundishe kuutoa kwanza mkate kwa aliye mdogo kupita wote, hata siku tutakapoketi pamoja, wakubwa na wadogo, katika karamu ya Mwanao mbinguni. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.